Maji ya Skrini Mbili

Eddah alikuwa na kibanda cha gemu Kisumu Ndogo, Kibera, ingawa hakuwa amewahi kushika pad ya kuchezea. Jumamosi moja wateja wake wawili, Ken na Ogola, walibishana ni gemu gani ina picha kali zaidi, Eddah akaamua kuziwasha zote mbili, skrini kando ya skrini.

“Injini ya picha ya hii gemu ni moto! Cheki vile maji inang'aa,” Ken alisema.

“Hiyo imelala tu kama kioo, buda. Yangu iko na mawimbi,” Ogola akajibu.

Eddah, aliyelelewa Mbita kando ya ziwa, alisogea. Wimbi lilipoinua mashua kwenye skrini ya Ogola, moyo ulimruka.

“Ogola ameshinda. Nipe hiyo pad.”

Aliendesha mashua mpaka jioni akicheka, huku wakimsihi, “Mathe, hata sisi tunataka kucheza!”