Anko Alivyosikika Ukumbini Nyakuron

Mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Nyakuron najifanya natafuta kitu mfukoni nisiangalie mtu usoni, maana mimi ndiye yule mwanafunzi wa uandishi wa habari aliyesimama mbele ya umati kuwaambia wazazi waache kuwaoza wasichana wadogo, na kilichofuata ninyi mnaonicheka mmeshakisikia nusu nusu, sasa sikieni chote.

Chuo chetu hapa Juba kilikuwa kimeungana na wanafunzi wenzetu wa Nairobi na Kampala, kila mji utoe ripoti yake kuhusu ndoa za utotoni huku wengine wanatazama kupitia kompyuta. Asubuhi ile simu yangu ikagoma kuwaka, na badala ya kumwambia mwalimu, nikaazima ya Anti Naliaka, mke wa Anko Garang, ambaye nakaa kwake (Anti ni Mkenya wa Kitale, anauza chapati, na kwa kuwa mikono yake ina unga kutwa nzima, fundi mmoja wa soko la Custom alimwekea simu iwe inajipokea yenyewe, hilo nililijua, ila nikalisahau). Nikahamishia ripoti humo, nikaiunganisha na spika za ukumbi, nikakohoa kidogo kama mtangazaji mkubwa.

Katikati ya ripoti simu ikalia mara moja, ikajipokea.

"Mama Achol," sauti ya Anko ikajaa ukumbi mzima, akidhani anaongea na Anti, "kuna watu nimewapa neno kuhusu binti yetu, wamekubali. Ng'ombe wa mahari wanakuja Jumamosi. Usimwambie mtoto kwanza."

Nilichomoa waya, na kwa bahati yangu ukawa waya wa projekta, kwa hiyo picha ikazimika na Anko akaendelea.

"Anko," nikasema, "uko kwenye spika."

"Spika gani? Na wewe unafanya nini na simu ya mke wangu?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia, halafu wakanyamaza ghafla, kwa sababu Achol, binti yake, mwanafunzi wa sekondari niliyemwalika mwenyewe aje anipigie makofi, alikuwa ameinuka na sare yake ya shule. Alikuja mpaka mbele, akainamia simu.

"Baba, ni mimi. Nimesikia. Mimi nataka kumaliza shule."

Hata Nairobi kwenye kompyuta walisogeza vichwa karibu.

"Tutaongea nyumbani," Anko akasema polepole, akakata.

Mama mmoja wa mstari wa mbele alinipigapiga mgongoni, "Malesh, malesh," kama anayempa mtu pole ya msiba, na mimi nikatamani sakafu inimeze.

Nyumbani Anti, ambaye naye hakuwa ameambiwa lolote, alimngoja mumewe mlangoni, na waliyosemezana ni yao. Anko naye hata chumvi aliniomba kupitia kwa Achol. Lakini Jumamosi ng'ombe hawakuja. Wale watu walituma neno kwamba msichana anayemjibu baba yake mbele ya miji mitatu hawamwezi. Muhula ulipofunguliwa, Anko mwenyewe ndiye aliyempeleka Achol shuleni, akiwa amevaa koti lake la kanisani.

Basi nimeapa: kabla sijaenda kuuliza ya majirani, nitauliza kwanza ya mezani kwetu, hata kama watakaonijibu watanuna.