Mikono Isiyopatana na Wali

Mie kwetu ni Lamu, na mtu wa Lamu ukimwambia aache wali ni kama umemtukania mama yake. Ndiyo maana nilipoolewa nikapelekwa Garissa, miaka ile ya hamsini, jambo la kwanza nililomuuliza mume wangu ni kama huko mchele unapatikana. Akacheka, akasema yeye ni dereva wa lori, mchele ataupakia hata kutoka peponi. Na kweli, mchele haukukosekana. Aliyekosekana ni yeye mwenyewe. Lori lake lilikwenda Wajir, likaenda Mandera, na mvua ikinyesha njia zilifungwa hata mwezi upite sijamwona.

Tulikaa chumba kimoja chenye uwa, karibu na soko. Asubuhi nilikaanga mahamri nikiwauzia wapakizi na maaskari dirishani. Nyumbani kwetu wanawake tulikuwa tukila sinia moja, mikono ikigongana, huyu anakuibia kipande cha papa, yule anakucheka. Garissa nilijipakulia kisahani changu nikala nikiutazama ukuta. Nisikufiche, upweke ule ulinitia hasira. Niligombana mpaka na kuku.

Kisha vidole vikaanza. Nikiamka vimevimba, vimekakamaa, ngumi haifungi wala haifunguki, na vifundo vina moto utadhani vimetoka jikoni. Unga niliukanda kwa vigasha, viganja havikubali. Dresa wa zahanati akanipa vidonge vyeupe, akasema hii ni baridi yabisi. Baridi gani, Garissa na joto lile? Nilimcheka mbele ya watu, lakini vidonge nilivimeza.

Jirani yangu alikuwa mjane wa Kisomali, akiuza maziwa ya ngamia. Aliniita abaayo, yaani dada, hata siku tuliponuniana. Mwaka mmoja Tana ikafurika, njia zikakatika, maduka yakaishiwa unga na mchele, nami nikaishi kwa huruma yake. Alinipa maziwa yenye harufu ya moshi aliofukizia vibuyu vyake, na nyirinyiri, vile vipande vidogo vya nyama vinavyokaangwa vikawekwa ndani ya samli. Nilikula nikinung'unika. Basi asubuhi moja nikajikuta nimefunga kifungo cha gauni bila hata kufikiri. Nikasimama pale nikikifunga na kukifungua, kama mwehu.

Njia zilipofunguka nikajipikia wali kwa shangwe, nikala nikalamba vidole. Haukupita muda, vidole vile vile vikanigeuka. Nikaacha vikatulia, nikajaribu mahamri yangu mwenyewe, nikajaribu ugali. Mambo yakawa yale yale.

"Wacha bosho, abaayo," jirani akaniambia, ndiyo posho hiyo, kwake wali, ugali na mahamri vyote ni bosho. "Hii mkono yako nataka maziwa tu."

Mwili wa mwingine siujui. Huenda wako wanaokula gunia zima wakaenda kucheza lelemama. Wangu ulikataa, nikaacha. Mikono ikanyooka, si sana, lakini unga sasa niliukanda kwa viganja.

Shida ikawa mume wangu. Sisi tulikula sahani moja, na akirudi safari nilimtilia tonge la kwanza kinywani, naye akanitilia langu. Kwa mtu anayelala nyumbani siku mbili tatu kisha huyoo ameondoka, tonge lile ndilo lilikuwa mapenzi yetu yote. Sasa akarudi, nikamlisha, akaninyooshea langu, mie nikafumba mdomo. Nikamweleza habari ya wali na vidole, na maziwa ya jirani. Akanishika mikono akaigeuza geuza.

"Mikono hii? Mbona mizima?"

"Mizima kwa sababu siuli huo wali."

"Mke gani anapika asichokila? Umenitilia nini humu?"

Alisema akicheka, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Alikula nusu. Safari iliyofuata alinusa sahani kwanza. Lo! Mtu niliyemngoja kwa kuhesabu honi za malori ananiona mie mchawi! Niliumia, nikalia. Na nikiula wali kumridhisha, maumivu huja yeye keshaondoka na lori alfajiri. Hakuwahi hata mara moja kuniona nimekakamaa.

Ndipo nikapata ile akili yangu ya ajabu. Niliposikia lori lake limetoka Mandera, nikaupika wali nikaula asubuhi na jioni, na mahamri juu yake, ili akifika ajionee kwa macho yake. Jirani akanikuta na sahani, akashika kichwa.

"Abaayo, nataka kufa wewe?"

Nikamwambia aende zake akakamue ngamia. Lori likakwama kwenye matope upande wa Wajir, nami nikaendelea kula nikingoja. Alipoingia mlangoni sikuweza hata kushika kata ya maji.

Aliiona mikono yangu, akakaa chini pale pale. Akalia, mwanamume mkubwa yule.

"Si nilikwambia?" nikasema. "Ni wali."

"Wali gani! Ni njaa hiyo. Maziwa matupu yamekumaliza."

Akaomba ruhusa kazini akakaa nami. Alinifulia nguo, alinisuka nywele, vibaya, akanikanda vidole kwa mafuta ya simsim. Na akanipikia uji wa unga wa mahindi, mzito, maana kwake mgonjwa ni uji. Alinilisha kwa kijiko, akiupuliza kwanza. Ningemwambiaje asinipe? Tangu harusi hakuwa amenitazama vile. Chumba kile kilikuwa na mtu, kikawa na sauti, na mie nilikuwa na njaa ya hivyo kuliko njaa ya chakula. Kila kijiko nilijua kinakwenda kunifanya nini, na kila kijiko nilikimeza. Mikono ikazidi kujikunja.

Siku ya kuondoka alinifunika khanga mabegani, akasema atatafuta njia nipate kupumzika. Nami siku ile ile nikarudi kwenye kibuyu cha jirani. Nilishapanga. Akirudi atanikuta mzima, nitamkalisha kitako nimweleze yote taratibu, na safari hii atanisikiliza kwa sababu ameiona mikono ikiwa mibovu na ataiona ikiwa mizima.

Alirudi mvua zimekwisha. Pete yangu ya ndoa, niliyoivua vidole vilipovimba, ilikuwa imeshaingia tena kidoleni. Nikamtandikia mkeka, nikampakulia wali, nikafinyanga tonge kwa vidole vyangu mwenyewe. Kabla sijalinyanyua akaniambia ameoa Mandera. Mwanamke mwenye nguvu zake, akasema, atakayempikia huko, ili mie nisisumbuke tena. Alisema kwa upole, kama mtu anayekuletea zawadi.

Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto, akavikunjua vidole kimoja kimoja. Uso ukamjaa furaha, furaha ya kweli.

"Alhamdulillahi," akasema. "Unaona? Kupumzika kumekuponya."

Tonge lilikuwa bado katika mkono wangu wa kulia. Nikamnyooshea. Akatikisa kichwa, akasema ameshakula njiani.