Raili Apima Barafu

Taisto Säkkinen alifariki mwezi wa Aprili. Moyo ulimsimama akipasua kuni. Kwa miezi sita iliyofuata mkewe, Raili, alishughulikia yote yaliyobaki bila kumsumbua mtu. Alisafisha kisima, akapaka rangi upande wa nyumba unaopigwa na upepo, akauza gari la marehemu kwa mtu wa mbali. Lakini asubuhi moja ya Oktoba, barafu ya kwanza ilipotanda kwenye vioo vya gari lake mwenyewe, alikuja mlangoni kwangu akauliza, "Jirani, hivi matairi ya baridi huwa yanachaguliwaje?"

Nilidhani ananitania. Raili ni muuguzi wa nyumbani. Kwa miaka thelathini amekuwa akizunguka barabara zetu za Kuusamo, kaskazini mwa Finland, kuwafunga vidonda na kuwapangia dawa wazee wasioweza kufika zahanati, na sijui mtu anayezijua kona hizi kama yeye. Ila matairi yalikuwa kazi ya Taisto. Kila Oktoba aliyabadilisha, kila Aprili akarudisha yale ya kiangazi, na Raili akiuliza chochote alijibiwa kwamba limeshafanyika.

Tulikwenda pamoja bandani kwake. Seti mbili zilikuwa zimepangwa ukutani, kila tairi limeandikwa kwa chaki herufi ya mwenyewe: R ya Raili, V ya gari lake Taisto, maana gari lile alikuwa akiliita Vanha, yaani mzee. Yote yalikuwa ya njumu, vile vichwa vidogo vya chuma vinavyochomoza kwenye mpira kama vya viatu vya mpira wa miguu. Raili alichuchumaa akayapapasa moja baada ya jingine, kama anavyopapasa mguu uliovimba. Njumu za R zilikuwa zimebaki chache. Za V zilikuwa zimezama kabisa, na ukucha wake haukuacha alama kwenye mpira.

Mimi nimefundisha hesabu shule ya msingi hadi nilipostaafu, kwa hiyo nilikuwa na cha kumwonyesha: ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Alizisoma kwa tochi. Ya R yalikuwa na miaka saba. Ya V yalikuwa na miaka kumi na mitatu. Kisha akasogeza tochi karibu zaidi, akasugua chaki kwa kidole gumba. Chini ya V ilionekana herufi nyingine iliyofutwa nusu. Ilikuwa R.

Alikaa juu ya rundo la kuni.

"Miaka yote hiyo," alisema, "huyu bwana alikuwa akivaa viatu vyangu vya zamani."

Hakulia. Aliuliza kwa nini mpira wa zamani unakuwa mgumu, na kama ugumu huo unaweza kupimwa.

Kwa Aulis, mwenye duka la matairi, mambo yalichukua saa nzima. Aulis ni mtu wa maneno, ana tumbo kubwa na birika la kahawa lisilozima. Alimweleza kwamba matairi ya baridi ni ya koo mbili. Kuna ya njumu, ambayo chuma chake hukwaruza barafu. Na kuna yasiyo na njumu, ya mpira laini uliochanwa mikato myembamba kama ya wembe, maelfu kwa maelfu, na kingo za mikato hiyo ndizo zinazoshika.

"La kwanza linaing'ata barafu," alisema, "la pili linailamba."

Raili aliuliza lipi bora. Aulis akamrudishia swali: anaendesha wapi, lini, na kwenye barafu ya namna gani? Raili alikiri kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Aulis akacheka, akasema wanaume huingia pale, wanasema "yaleyale ya mwaka juzi" na kutoka. Yeye ndiye mteja wa kwanza kutaka kujua mpira unawaza nini.

"Basi niazime yote mawili," Raili akasema.

"Niazime? Dada Raili, hili ni duka, si maktaba."

Lakini alikuwa na seti mbili za maonyesho kwenye rimu zake, na mwishowe akazipakia mwenyewe kwenye gari langu, kwa sharti kwamba aletewe majibu kwa maandishi.

Kabla ya kupima chochote, Raili aliandika barabara zake kwa wiki mbili nzima. Ndani ya daftari alilokuwa akiandikia presha za wagonjwa akatia lami ni kilomita ngapi, changarawe ngapi, milima mingapi, na joto la kila asubuhi. Majira ya baridi yaliyopita aliyatafuta kwenye shajara zake za kazi, maana alikuwa na mazoea ya kuandika hali ya njia akichelewa. Hapo ndipo alipogundua jambo lililomshangaza. Siku alizochelewa hazikuwa zile za baridi kali kabisa. Zilikuwa siku za nyuzi sifuri, mvua ikinyesha juu ya barafu.

Siku ya namna hiyo ilifika katikati ya Novemba. Tulikwenda kwenye uwanja wa jumba la dansi la kiangazi, ambao wakati huo hauna mtu, ardhi yake yote ikiwa imefunikwa na barafu iliyolowa, inang'aa kama sahani. Niliweka ndoo nyekundu mahali pa kuanzia breki, nikashika utepe wa kupimia. Raili alipaswa kuja kwa mwendo wa kilomita thelathini kwa saa na kukanyaga breki hadi mwisho atakapoifikia ndoo.

Mara ya kwanza aliachia katikati. Pedali ilikuwa ikitetemeka chini ya mguu wake, kama kawaida ya breki za siku hizi kwenye utelezi, akadhani amevunja kitu. Alinieleza baadaye kwamba katika miaka thelathini alikuwa hajawahi kukanyaga breki mpaka chini, na kwamba aliona aibu kidogo. Mara ya pili hakuachia.

Ya njumu yalisimama mita ishirini na saba kutoka kwenye ndoo. Tukainua gari kwa jeki, tukabadilisha. Ni yeye aliyefungua nati zote, akisimama juu ya spana kwa uzito wake wote, akinizuia nisimsaidie. Yale ya mikato yalikwenda mita arobaini na moja. Akarudia kila seti mara tatu ili kuwa na hakika.

Nilidhani tumemaliza. Lakini alikuwa amebeba yale ya Taisto pia. Kwa kuwa zamani yalikuwa yake, yaliingia sawasawa. Nilimwambia si lazima. Akasema anataka kujua tu. Gari liliipita ndoo, likanipita mimi, likateleza taratibu mpaka likazika pua kwenye theluji iliyolundikwa pembeni. Utepe wangu ulikuwa wa mita hamsini, na haukutosha.

Raili alishuka akatembea kurudi kwenye ndoo, akihesabu hatua. Alipofika alisimama akiwa amenipa mgongo.

"Kila Ijumaa alikuwa akishuka nayo mlima wa kanisani," alisema. "Angalau angeniambia."

Nilimwambia kwamba pengine hakujua mwenyewe, kwamba mpira huwa mgumu kidogo kidogo na mtu huzoea. Akakubali kwa kichwa, akaandika hatua sitini na nane.

Baada ya siku kumi joto lilishuka hadi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, tukarudi uwanjani. Safari hii barafu ilikuwa kavu, na majibu yakageuka: njumu mita kumi na tisa, mikato kumi na nane. Raili alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona tangu Aprili. Alizunguka gari akiguguna mkate wa shayiri, akiuliza kama barafu ya baridi kali ni ngumu mno kwa chuma kuingia, na kwa nini ya sifuri inateleza hivyo, kama ni ule utando wa maji juu yake. Tulibishana mpaka vidole vikafa ganzi.

Alichagua ya njumu, mapya, yote manne. Aulis alimkumbusha kwamba kwenye lami kavu yatapiga kelele. Raili akajibu kwamba lami yake ni kilomita tisa tu, na siku zinazomtisha ni zile za sifuri. Aulis alibandika karatasi ya vipimo nyuma ya kaunta, na nasikia sasa watu hukaa kuisoma wakisubiri zamu. Wengine hutoka na njumu, wengine na mikato, kulingana na barabara zao.

Mwezi wa Februari, siku ya mvua na barafu, kulungu wa kufugwa, mmoja wa wale wanaoachwa kuzurura huku kwetu, alisimama katikati ya njia chini ya mlima wa Martta, bibi wa miaka tisini na mitatu ambaye Raili humfunga kidonda cha mguu. Raili alikanyaga breki hadi mwisho. Gari likasimama, hatua nne zikibaki. Kulungu hakusogea, naye Raili badala ya kupiga honi alishuka, akachuchumaa nyuma ya gari kutazama michirizi myeupe ambayo njumu zilikuwa zimechora kwenye barafu.

Alifika kwa Martta akiwa amechelewa, magoti yamelowa. Bibi alitaka kujua sababu, na aliposimuliwa akakataa kufungwa mguu kwanza. Alitaka koti lake. Raili akamshika mkono wakatoka pamoja polepole mpaka kwenye gari, na Martta akavua glavu, akainama, akapitisha vidole vyake juu ya tairi, njumu moja moja.

"Kumbe vyuma vyenyewe ni vidogo hivi," alisema.