Arobaini na Saba Mbili

Programu ile niliiandika mwenyewe, ofisini kwetu katikati ya jiji, kwa ajili ya kichinjio kimoja huko Dagoretti. Kazi yake ilikuwa ndogo tu. Ng'ombe akishachunwa anapimwa, programu inatoa namba inayofuata, na lebo mbili zenye namba hiyo zinabandikwa, moja kwenye nyama na nyingine kwenye maini, ambayo daktari wa mifugo huyakagua kwenye meza ya kando. Mizani zilikuwa mbili, kila moja na uzi wake wa programu, yaani mfululizo wake wa maagizo. Kwenye kompyuta kuukuu yenye prosesa moja, nyuzi hizo zilipokezana zamu bila kugombana, nami nikajiona fundi.

Kisha wakanunua kompyuta mpya yenye prosesa nane. Sikubadilisha hata herufi. Siku ya nne daktari akanipigia. "Kuja haraka. Niko na forty-seven mbili."

Nilielewa kabla hajakata simu. Sasa nyuzi zilifanya kazi kwa wakati mmoja kweli kweli. Zote mbili zilikuta namba ya mwisho ni arobaini na sita, kila uzi ukaongeza moja. Nilipaswa kuweka kufuli, ili uzi mmoja uusubiri mwenzake umalize. Sikuweka, uvivu mtupu, kwa kuwa mambo yalikuwa yakienda.

Nilikuta ini moja limejaa usaha na la pili safi kabisa. Ng'ombe wawili walikuwa wananing'inia, wote na lebo ya arobaini na saba. Mmoja ni wa mwenye bucha pale karibu. Mwingine ni wa mama wa Mutuini, aliyelilea dume lake kwa majani ya nepia kwa ajili ya arusi ya bintiye Jumamosi hiyo. Lilikuwa na doa jeupe usoni, lakini uso na ngozi havikuwepo tena.

"Mtoto wangu, si ni wewe ulitengeneza hii kitu?" mama huyo akaniuliza. "Iulize yangu ni gani."

Nikafungua kompyuta. Ilionyesha arobaini na saba mbili, basi. Lebo zilikuwa na namba peke yake; kuandika jina la mizani niliona ni kujaza karatasi bure. Nikaijaribu mbele yao, tena na tena, ikatoa moja, mbili, tatu, nne, kwa adabu kama mtoto wa shule ya nasari mbele ya wageni. Nilitamani kuipiga teke.

"Siwezi guess na chakula ya arusi," daktari akasema, na alikuwa sahihi. Akaagiza nyama zote mbili zimwagiwe rangi zisiliwe.

Mama aliisogelea meza, akaliangalia lile ini safi kwa muda mrefu.

"Hii ni ya ng'ombe yangu?"

"Sijui, mama."

"Najua hujui," akasema. "Wewe sema tu ni yake."

Nikasema.