Mabenchi Yaliyokwenda Kilioni

Walisema sitaweza. Walisema mtoto wa mwanamke anayelima maharage Mumosho hawezi kufungua shule mjini. Walisema diploma niliyorudi nayo kutoka Bujumbura ni karatasi tu, na kwamba huko Bujumbura kazi yangu ilikuwa kubeba matofali. Ni kweli, nilibeba matofali. Mchana nilibeba, jioni nilisoma, na diploma nilikabidhiwa mbele ya umati, jina langu likitajwa kwenye kipaza sauti. Kisha nikafungua shule Bagira, mtaa wa hukohuko mjini, darasa la saba na la nane, kuta za mbao juu ya msingi wa mawe, na watoto wakajaa, wakiwemo watoto wa haohao waliosema. Ninayataja haya mwenyewe kwa kuwa hakuna atakayeyataja kwa niaba yangu.

Halafu corona ikafunga shule zote. Masomo ya mbali, kwetu, yalikuwa redio iliyosoma hesabu asubuhi, na mvua ikipiga bati hata redio haisikiki. Shule isiyo na wanafunzi haimlishi mwenye shule. Nilimwachia funguo mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama anayeuza samaki, nikaenda Mumosho kushika jembe kando ya mama yangu.

Tangazo la kurudi darasani lilinikuta shambani. Mkaguzi alikuwa ametuma maagizo: ndoo za kunawia mikono mlangoni, wanafunzi wawili tu kwa benchi moja, na kila shule itakaguliwa kabla ya kufunguliwa. Shule ambayo haitakuwa tayari, watoto wake watagawanywa kwa shule za jirani. Kila mwenye shule Bagira anajua maana yake. Mtoto akishagawanywa harudi.

Nilirudi Bagira, nikafungua mlango wa darasa la saba kwa ufunguo wangu wa akiba. Ubao ulikuwepo, chaki zilikuwepo, buibui walikuwepo. Benchi, hakuna hata moja. Nikafungua darasa la nane: sakafu tupu, na michirizi ya mabenchi yaliyoburutwa kuelekea mlangoni.

Nilimkuta mwenyekiti kwenye meza yake ya samaki, akifukuza nzi.

"Maman, mabanc ya masomo iko wapi?"

"Iko ku kilio."

"Kilio gani?"

"Vilio, Prefe," alisema, akiniita kwa cheo cha mkuu wa shule. "Masomo ilifungwa, batu hawakuacha kufa. Ulitaka benye kulia bakalie mawe?"

Kwetu nyumba ikifiwa, jirani huja kukaa na wafiwa siku nyingi, na viti huazimwa popote vilipo. Benchi likishakaliwa kilioni, halinyanyuliwi mpaka kilio kifungwe. Mabenchi yangu yalikuwa yamehama kutoka nyumba moja hadi nyingine muda wote nilipokuwa Mumosho, na sasa yote yalikuwa kwa mjane mmoja mlimani juu ya shule. Mumewe alikuwa amekwisha kuzikwa. Lakini mtoto wao wa kwanza alikuwa Shabunda akichimba dhahabu, mvua zimeharibu barabara, na bila yeye kilio hakifungwi.

Nilipanda mlima na vijana wenye mkokoteni. Uani watu walijaa, wote juu ya mabenchi niliyochonga mwenyewe pamoja na fundi.

"Nimekuja kuchukua mabenchi ya shule," nilisema, kwa sauti ya mtu mwenye haki.

Muzee mmoja mwenye kofia ya sufu, fundi wa viatu wa zamani, hakujisogeza. "Chukua, Prefe. Lakini hii utaibeba na mimi juu yake."

Watu wakacheka. Hata mjane alificha kicheko kwenye kitenge chake.

"Na pole haujasema," aliongeza mama mmoja. "Diploma haifundishe kusema pole?"

Nikasema pole. Nikakaa, kwenye benchi langu mwenyewe, kama mgeni. Mkokoteni ulishuka mtupu na ilibidi niulipie.

Kuanzia hapo nilipanda mlima ule kila siku. Nikifika nauliza habari za yule mtoto wa Shabunda.

"Iko Mwenga, mu njia," wananiambia.

Kesho yake: "Iko Mwenga bado. Gari imelala mu matope."

Nilikwenda kwa maseremala. Wote walikuwa na kazi za shule nyingine, na mbao zilizokauka vizuri zilikuwa zimekwisha. Ndoo za kunawia nilikuwa nazo, sabuni nilikuwa nayo, walimu wamerudi, mmoja kwa miguu kutoka upande wa Kamanyola alipokosa gari. Kila kitu kiliweza kupatikana kwa akili na jasho, na vitu hivyo viwili sijawahi kupungukiwa. Nilichokosa ni mahali pa watoto kukalia, na pakishakosekana hapo, shule yangu ilikuwa imekufa.

Siku moja kabla ya ukaguzi, uvumilivu ulinitoka. Nilisimama katikati ya ua.

"Mnaokaa hapa ndio wazazi wa shule hii," nilisema. "Kesho watoto wenu watapelekwa kwingine, na mtakuja kunililia mimi. Muzee aliyelala kaburini, je, angetaka wajukuu wake wafukuzwe shuleni kwa sababu ya kilio chake?"

Nilijua nimevuka mpaka, lakini sikuyarudisha maneno.

Mjane ndiye aliyejibu, taratibu. "Prefe, mimi siwezi kunyanyua batu. Lakini mu nyumba yangu kuna viti. Sisi bote tunakaa huku inje, vile viti havina mwenye kuvikalia. Kamata vile."

Watu wakatazamana. Ilikuwa kweli: mtaa mzima ulikuwa unakaa kilioni, na majumbani viti vilikuwa bure.

"Hata changu kamata," alisema muzee mwenye kofia. "Kiko kimoja tu, kwa hiyo nitakiulizia."

"Changu muguu moja iko mubovu," mwingine akadakia. "Usipatie mutoto munene."

Mimi niliyejenga maisha bila kuazima hata msumari, nilizunguka Bagira jioni ile nikipokea viti vya watu. Viti vya plastiki, viti vya mbao, vigoda, kochi lenye maua, kiti cha saluni kinachozunguka. Mwenyekiti wa kamati alinitangulia akipiga hodi, nami nikasema aksanti kila mlango, huku shingo ikiuma kwa mzigo na kwa hasira.

Mkaguzi alifika asubuhi, akasimama mlangoni akalitazama lile kochi.

"Hii ni masomo ao ni kilio?"

"Ni masomo, Monsieur l'inspecteur. Kilio iko kule juu, pamoja na mabanc yetu."

Alitembea kati ya viti akinyoosha mkono kupima nafasi. Katika shule nyingine watoto walikaa wawili wawili. Kwangu kila mtoto alikuwa na kiti chake na upepo wake. Akatia sahihi. Nasema wazi: hakuna shule Bagira iliyofuata maagizo vizuri kuliko yangu.

Lakini kufundisha kwa namna ile ni adhabu. Watoto waliandikia magotini, hati zao zikawa kama njia za kuku. Waligombea kochi. Kile kiti cha saluni nilikipeleka ofisini baada ya somo moja tu. Na wenye viti hawakungoja: katikati ya jiometria mama mmoja aliingia, akamwambia mwanafunzi, "Simama, mutoto, nimepata mugeni," akaondoka na kiti, na mwalimu akabaki na kipande cha chaki hewani.

Hatimaye mtoto wa Shabunda alifika, matope hadi kiunoni, akamlilia baba yake, na kilio kikafungwa. Mabenchi yaliteremka mlimani juu ya vichwa vya wanaume, wakiimba. Niliyahesabu mlangoni mbele yao, na hawakukasirika.

Jumamosi iliyofuata nilirudisha viti. Wanafunzi walitaka kusaidia, nikakataa. Nilivipokea kwa mikono yangu, nitavirudisha kwa mikono yangu. Nilivisafisha kwa sabuni iliyobaki, na ule mguu mbovu nilikuwa nimeupigia msumari. Kazi ya asubuhi moja ilikula siku nzima, kwa kuwa kila nyumba ilinilazimisha kukaa kwanza kwenye kiti nilichorudisha na kunywa kitu. Kwa mjane nilikunywa chai, naye hakutaja maneno yangu ya uani. Mimi pia sikuyataja.

Kwa muzee mwenye kofia ya sufu nilifika mwisho. Alikipindua kiti chake, akakitingisha, akapitisha kidole kwenye kila kiungo.

"Hapa kulikuwa hivi?"

"Kulikuwa hivyo, papa."

"Basi."

Akakiweka mlangoni, akakikalia, akafumba macho kama mtu aliyekwisha kuagana nami. Nikateremka mikono mitupu. Hapakuwa tena na mtu Bagira anayenidai hata kigoda.