Kitabu cha Pili Nilichokigawa Matangani

Shule niliishia darasa la pili. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Mashine ya kusaga kule Msamala ni yangu, nyumba ya matofali ya kuchoma ni yangu, na watoto wangu wote walisoma mpaka walipochoka wenyewe. Wa mwisho, binti yangu, akawa mwalimu. Huyo ndiye tuliyemzika mwaka jana, akatuachia mtoto wa kike wa miaka kumi. Baba wa mtoto hatujui aliko na hatumtafuti.

Binti yangu na mwanawe walikuwa na kazi yao ya kila jioni. Wakishakula, wanakaa kwenye mkeka jikoni, mama anasoma, mtoto anasikiliza. Kilikuwa kitabu kinene cha hadithi za watoto, habari za msichana aliyeingia ndani ya kichuguu kutafuta kivuli chake kilichoibiwa. Humo ndani kuna miji, kuna mito inayopanda mlima, kuna wafalme wa mchwa. Mimi nilikuwa nawacheka.

"Mwenye akili timamu ataingiaje kwenye kichuguu? Hajui kuna nyoka?"

"Babu, wewe nyamaza," mjukuu wangu ananijibu. "Nyoka ndiye mlinzi wa mlango."

Kitabu kikaisha msichana akiwa bado ndani, mlango umefungwa nyuma yake. Mtoto alilia machozi ya kweli. Mama yake akaagiza cha pili kwa mtu aliyekuwa anatoka Dar es Salaam. Kikaja, wakaanza. Hawakufika mbali, binti yangu akaugua, na ugonjwa haukumpa nafasi.

Kwetu, siku ya kuanua matanga, vitu vya marehemu vinagawanywa. Nguo, vyombo, viatu, hata kandambili. Na kilichotolewa siku ile hakirudishwi. Anayekwenda kukidai anajivunjia heshima mwenyewe, na anamsumbua aliyelala. Kugawa ilikuwa kazi yangu, mimi ndiye mkubwa wa ukoo. Watoto walipelekwa kwa jirani. Nikakaa kwenye kiti uani, sanduku mbele yangu, nikawa naita mmoja mmoja. Chini kabisa ya sanduku nikakuta vitabu viwili. Hiki kina msichana, taa mkononi, kichuguu. Na hiki kina msichana, taa mkononi, kichuguu. Nikaona ni kitu kimoja kilichonunuliwa mara mbili. Nikasema mtoto abaki na kimoja, kingine aende nacho dada yangu wa Nalasi, kule Tunduru, ana wajukuu wanaosoma.

Sikusoma jalada. Nilitazama picha. Ukoo mzima ulikuwa umekaa pale unanitazama, na mimi sikutaka wanione nafuatisha herufi kwa kidole.

Siku ya tatu mtoto akanijia.

"Babu, kitabu cha mama kiko wapi?"

"Si hicho umekishika?"

"Hiki ni cha kwanza. Tulishakimaliza. Cha pili ndicho mama alichokikunja kona."

Nilipomweleza kilikokwenda, akasema kwa sauti ndogo, "Kifuate." Nikamwambia kitu cha matanga hakifuatwi, nitamnunulia kingine kipya. Akasema hataki kipya. Habari za kona sikuziuliza. Niliona ni maneno ya kitoto.

Tangu siku hiyo alinipa shikamoo kila asubuhi, na baada ya shikamoo hakuna neno. Chakula tonge tatu, basi. Mwalimu wake akaniita, akaniambia darasani anatazama dirisha tu. Mke wangu akanikabili.

"Mzee, nenda Nalasi."

"Nikaombe nilichokitoa mwenyewe? Mimi?"

"Wewe. Kwani kuna mwingine aliyegawa?"

Nilikaza shingo miezi minne. Niliwaza dada yangu atasemaje, watu wa kule watanicheka vipi. Mtoto akakonda mpaka sare ya shule ikamning'inia kama imeanikwa kwenye mti. Ndipo nikapanda basi.

Shemeji yangu, Myao, alinipokea uani kwake, korosho zimeanikwa kila mahali. Nilipotaja shida yangu alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wangoni nyie! Mkono wa kulia unatoa, wa kushoto unapora! Hata cha marehemu hamkiachi?"

Utani haujibiwi na mtu aliyekuja kuomba.

Dada yangu hakucheka. Akaingia ndani, akatoka na kitabu kimefunikwa kwa gazeti kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Safi, hakina hata doa.

"Nimekitunza, kaka. Kilipokuja kilikuwa na kona moja tu imekunjwa, kama sikio la mbuzi. Nikakiweka kabatini, hakuna aliyekigusa. Likizo ya Juni ndipo wajukuu walipokivamia, kila mmoja anakunja kona pale alipofika. Nikawagombeza! Nikazinyoosha zote, moja moja, nikakilaza chini ya godoro wiki nzima. Kitazame sasa."

Nikakitazama. Nikamshukuru sana. Njia nzima ya kurudi nilikiweka mapajani, nikijiona mwanamume.

Mtoto alipiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili. "Asante, babu." Ukiacha shikamoo, lilikuwa neno la kwanza baada ya miezi minne. Akakivua gazeti, akaanza kupapasa kona za kurasa kwa kidole. Ukurasa huu una alama ya mkunjo. Unaofuata unayo. Mbele tena, alama. Akaenda hivyo mpaka nusu ya kitabu, akasimama.

"Nani amezikunja zote hizi?"

Nikamweleza habari za wajukuu, na jinsi bibi yake wa Nalasi alivyozinyoosha vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alipokuwa kitandani alikuwa anakisoma peke yake, mimi nikiwa shule," akasema. "Aliniambia, nimekunja kona nilipofika, nikipona nitakusomea mpaka hapo, tuendelee pamoja. Nilitaka kuona alifika wapi. Kama alishajua yule msichana anatoka."

Alikirudishia gazeti lake, akakiweka juu ya kabati. Hakulia. Mimi nikabaki nahesabu: matanga yalikuwa Februari, likizo ni Juni. Ningekwenda Machi, ningekuta kona moja. Ningekwenda Mei, vilevile.

Hajakifungua tena. Nakisoma mimi. Jioni, baada ya kula, nakaa kwenye mkeka jikoni, nafuatisha herufi kwa kidole, kwa sauti, na anayetaka kunitazama anitazame. Ukurasa mmoja unaweza kunimaliza jioni nzima. Kitabu ni kinene na mimi ni mzee, mwisho wake sidhani kama nitauona. Yeye anakaa ng'ambo ya jiko, amenipa mgongo, anachambua maharage ya kesho.

Juzi nilikosea kwa makusudi. Nilisoma kwamba mlinzi wa mlango wa kichuguu ni mamba. Nikangoja aseme, babu, wewe nyamaza.

Aliendelea kuchambua maharage.