Muwa wa Kupimia Buti

Siku ile tulikuwa watatu: mimi, kitinda mimba wetu, na mama muuza viatu vya mitumba sokoni Shianda. Harufu ya ngozi iliyolowa, kwenye buti za mwanangu zinazokauka mlangoni, imenirudisha pale.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa shuleni. Jumatatu darasa lake lingepanda kilima cha msituni, na asiye na buti angebaki. Tangu tuzike wazazi, majukumu kama hayo yalikuwa yangu. Asubuhi nilikata muwa sawa na wayo wake, nikampa kitinda mimba aubebe.

Nilipochoka kuchagua, nikamwomba kitinda mimba ule muwa. Ulikuwa umefupika, una alama za meno.

“Umekula?”

“Kidogo tu.”

“Haki, huyu amekula mguu wa ndugu yake!” Yule mama muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kulia kwa hasira.

“Nyamaza, msichana wangu. Lipa moja, beba jozi mbili, ajaribu. Utarudisha moja, na utanioshea viatu Jumamosi mbili.”

Jozi kubwa ilimtosha mdogo wangu, akapanda kilima. Jumamosi ya kwanza nilirudisha jozi ndogo, nikaosha viatu mpaka vidole vikanyauka. Ya pili nilikuta mahali pa yule mama patupu, na hakuna aliyejua alikohamia. Ile Jumamosi moja bado ninadaiwa.